Pua ya Fotokopi: Uzoefu Wangu wa Darasa la Kuchora Nyuso Hapa Arusha

Bei, saa na ramani ya kufika mtaviona kwenye tangazo lao. Mimi naandika kuhusu karatasi moja tu, karatasi ya pua, ambayo mpaka leo ikinijia kichwani damu inachemka.

Darasa ni la Jumamosi, katikati ya mji, na linauza kitu kimoja: kurudia. Leo macho, Jumamosi ijayo pua, halafu midomo, halafu masikio, kisha mnaanza upya. Kwa hilo wako sahihi, siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira. Anayechora uso mzima kila siku anakosea mambo kumi kwa mpigo na hajui lipi lilianza. Anayechora jicho peke yake mara hamsini, kosa linajianika lenyewe. Wala si mtindo wa juzi. Leonardo da Vinci aliwataka wachoraji wakariri aina za pua, na zile za kutazamwa kwa upande alizihesabu kumi. Odoardo Fialetti, mchoraji wa Italia, naye alichapisha pale Venice, mwaka 1608, kurasa zilizojaa macho, masikio na pua ili anayejifunza azinakili hatua kwa hatua.

Sasa njooni kwenye karatasi. Kila mmoja anakabidhiwa pua iliyotolewa fotokopi, na si fotokopi ya picha, ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Mashine ikirudia hivyo inakula rangi za kati: kijivu chepesi kinakuwa cheupe, kijivu kizito kinakuwa cheusi tii. Kwenye barua ya kazi haina neno. Kwenye pua ni balaa, kwa sababu pua karibu haina mistari. Ukiacha matundu na mkunjo wa bawa, ile nyama ya pembeni ya tundu, pale linapokutana na shavu, kilichobaki chote ni kivuli kinachogeuka taratibu kutoka mwamba wa pua kwenda ubavuni, na kutoka ubavuni kwenda shavuni. Fotokopi imekifuta chote. Mnabaki na matundu mawili meusi na michirizi miwili, mnaambiwa nakilini mara thelathini. Mkono unazoea michirizi, na baada ya hapo kuiacha ni kazi kubwa kuliko kuanza bila kujua chochote.

Niliuliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani, hatuwezi kutazamana tukachora pua za humu ndani?" Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Dada, umekuja kujifunza au umekuja kunifundisha?" Kisha akachukua penseli ya 6B, ile laini na nyeusi sana, akapita juu ya pua zangu zote za mstari wa kwanza, akaenda zake kwa mwingine.

6B! Juu ya HB, penseli ya kawaida isiyo nyeusi sana, niliyoigusisha tu karatasini! Mtu anayefundisha anajua kwamba penseli laini ikikandamizwa inachimba mfereji kwenye karatasi. Raba ikipita juu inasambaza weusi, mfereji unabaki, na sehemu ile inang'aa kila ukiiinamisha kwenye mwanga. Kama mwalimu anataka kusahihisha, achore pembeni ya ukurasa, au aweke karatasi nyembamba juu ya kazi ya mtu achore pale. Haimgharimu chochote.

Na pua yenyewe ya ile karatasi haikuwa ya mtu yeyote aliyekaa mle. Ni nyembamba, imechorwa kwa ile kanuni ya vitabuni kwamba ukishusha mstari wima kutoka pembe ya ndani ya jicho utagusa ukingo wa bawa la pua. Wengi wetu mabawa yanavuka mstari huo, na wala si kidogo. Mwanafunzi anayefuata kanuni anabana pua, halafu anashangaa kwa nini dada yake kwenye mchoro amekuwa mtu mwingine. Dawa yake ni kupima. Nyoosha mkono kiwiko kisipinde, fumba jicho moja, weka kidole gumba kwenye penseli upate upana wa jicho la mtu, kisha peleka kipimo hichohicho kwenye pua yake. Kwa mmoja pua itakuwa jicho moja, kwa mwingine jicho moja na nusu. Andika pembeni, ndipo uchore.

Kwa faida ya wasiotaka kulipa: kunja A4 katikati mara nne, ukigeuza upande wa mkunjo kila mara, upate vyumba 16. Kila chumba pua moja, dakika tatu zisizidi. Mstari wa kwanza wa vyumba ni umbo tupu: kabari kwa mwamba, mpira kwa ncha, vipira viwili vidogo kwa mabawa, HB bila kukandamiza. Mstari wa pili geuza kichwa robo, wa tatu upande kabisa, wa nne mtu akitazama juu. Kivuli kianzie chini ya ncha, maana mwanga mara nyingi hutoka juu na chini ya pua ndipo panapokuwa na giza. Matundu usiyajaze weusi wa mwisho. Acha ukingo wa chini ulainike, la sivyo uso mzima utakuwa matundu mawili yanayokutazama.

Jumamosi ya macho, lakini, nitawasifu. Ile nilitoka nimefurahi. Walisisitiza kwamba jicho ni mpira na kope limeuvaa, kwa hiyo kope lina unene na lile la juu linaangusha kivuli kwenye weupe. Anayeacha weupe mweupe kabisa anapata jicho lililobandikwa. Duara linalozunguka mboni halionekani lote: kope la juu linafunika kipande, na ukilichora zima mtu wako ameshtuka. Kinukta cha mwanga unakiacha karatasi tupu tangu mwanzo, usitegemee kukifukua kwa raba baadaye. Nywele za kope ni za mwisho kabisa, kuanzia kwenye mzizi kwenda nje, zikipinda. Kwenye midomo pia walisema kweli: anza na mstari wa katikati, pale midomo inapokutana, siyo ukingo wa nje. Sikio walilipitia haraka, na mimi nalipitia haraka.

Tena kuna siku moja, mvua ile ya masika, umeme ulikatika. Kile chumba kina tyubulaiti mbili na madirisha pande zote, mwanga unatoka kila kona, nyuso zinakuwa bapa, hakuna kivuli cha kuchora. Umeme ulipoondoka mtu akafunga madirisha ya upande wa mvua, mwanga ukabaki wa dirisha moja, na ghafla kila pua mle ndani ikawa na ubavu wa giza na ubavu wa mwanga. Ngozi zetu zilionyesha ile ming'ao midogo kwenye ncha ya pua na juu ya shavu, ambayo kwenye ngozi nyeusi ndiyo inayobeba umbo lote: chora weusi wa jumla kwa 2B, shuka na 4B, iliyo nyeusi zaidi, kwenye vivuli, ila ming'ao iache. Mwalimu mwenyewe alinyamaza akachora. Anachora vizuri, jamani, ndicho kinachoniudhi. Mkono anao. Umeme uliporudi akawasha taa, akagawa fotokopi.

Kwa hiyo nasemaje? Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota moja. Kwa macho na midomo nilifika tatu. Nikikumbuka ile 6B narudi mbili, na hapo nimejizuia. Anayeanza kabisa, asiyewahi kushika penseli, aende Jumamosi ya macho na ya midomo, abebe HB, 2B na 4B zake, wembe wa kuchongea na karatasi isiyoteleza, kwa sababu zile wanazotoa ni laini mno, risasi ya penseli haishiki. Jumamosi ya pua abaki nyumbani, amkalishe mdogo wake karibu na dirisha moja, afunge mengine. Anayejua kuchora tayari asiende kabisa, ataambiwa amekuja kufundisha.

Na ile hela ya fotokopi wanayodai mlangoni, nje ya ada, msiitoe. Waambieni mna pua zenu.