Dawa za magoti za Soko la Majengo, Dodoma: wiki nane na mama, na kikopo ambacho sikukifungua

Mbukwenyi watazamaji wangu! Karibuni. Leo meza yangu inanukia kama jiko la pilau, na mnaona wenyewe kwa nini: manjano, pilipili manga, pilipili kichaa, chumvi ya mawe, bamia, na kile kikopo cheupe pale pembeni ambacho nimekiweka mbali makusudi. Tutakifikia.

Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze simu yangu imejaa swali moja tu: "Magoti ya mama yanauma, nimpe nini cha asili?" Mimi ninaye mama, ana miaka 67, yuko Bahi, na magoti yake yakikunjwa yanalia kama mlango wa godauni. Alishapigwa picha hospitali, akaambiwa gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, limesagika. Hilo nalisema mapema kwa sababu huku kwetu kila kiungo kikiuma tunasema baridi yabisi, basi. Jongo ni ugonjwa mwingine, unatokana na asidi ya yuriki kuganda chembechembe ndani ya kiungo. Kuna na ule ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, na huo ukiuchelewesha kwa kuchemsha majani, vidole vinapinda na havirudi. Mimi leo naongelea magoti yaliyosagika. Na kama kiungo kimekuwa chekundu, kina moto, na una homa, zima hii video uende hospitali leo hii.

Haya, bamia. Sokoni utaambiwa uteute wa magoti umekauka, kwa hiyo kunywa maji ya bamia yaliyolala usiku kucha. Jamani, mimi ni Mgogo. Mlenda nimeula kabla sijaota meno. Kama ute wa mboga ungetoka tumboni ukateremka mpaka gotini, Dodoma nzima usingemwona mzee na mkongojo! Ute wa bamia ni nyuzinyuzi, ukifika tumboni unasaidia choo, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Ute wa goti unatengenezwa na utando ulio ndani ya goti lenyewe. Mama alikunywa maji yale wiki mbili, goti halikujua kama kuna kitu kimepita. Mlenda endeleeni kuula kwa utamu wake, ila mwenye presha apunguze magadi, ile ni sodiamu.

Manjano sasa. Hapa kuna kitu, ila si kwa namna tunavyotumia. Kinachotuliza maumivu ndani ya manjano kinaitwa kakumini, na kwenye unga ni kama asilimia 3 tu. Piga hesabu: kijiko cha chai kina gramu 3 hivi, unapata miligramu 90. Wanaofanyia utafiti hutumia kakumini iliyokamuliwa, miligramu 500 kwa siku na kuendelea. Halafu mwili wenyewe unaipokea kwa shida, ndiyo maana inachanganywa na pilipili manga na kitu chenye mafuta. Mama alikuwa anatia kijiko kwenye maziwa ya moto jioni, anasaga na pilipili manga. Anasema asubuhi anaamka mwepesi kidogo. Nikamuuliza, kidogo kiasi gani? Akanijibu, "Kidogo cha kutosha kusema kidogo." Nimeiandika hivyo hivyo. Kanga zake mbili zimekuwa njano, hilo nina uhakika nalo. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, msianze manjano ya kila siku bila kumwambia daktari.

Sasa pilipili, na hapa nina kesi ya kujibu.

Pilipili ina kapsaisini. Ukiipaka kwenye ngozi, ile mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za maumivu inawashwa mpaka inachoka. Ndiyo maana siku za mwanzo inaunguza, halafu maumivu yanapungua taratibu, na lazima upake mara tatu au nne kwa siku, wiki kadhaa mfululizo. Ukipaka leo ukaacha kesho umejiunguza bure. Famasi kuna krimu zake, nguvu yake imeandikwa, asilimia 0.025 mpaka 0.075. Lakini mimi nikajifanya fundi. Nikasaga pilipili kichaa, nikaziloweka kwenye mafuta ya alizeti ya Singida, nikaenda nayo Bahi nikiwa na kifua mbele.

Kosa langu: jioni ile mama alikuwa ametoka kukandwa chumvi ya moto. Ngozi bado ina joto, mimi napaka pilipili juu yake. Alipiga ukelele nikadhani kuna nyoka. Nikakimbilia ndoo ya maji, nikamwagia, ikazidi, maana kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Kilichomwokoa ni jirani aliyekuja na maziwa, kisha tukaosha kwa sabuni. Na mimi katika kuhangaika nikajifuta jasho machoni. Nusu saa tumekaa pale mkekani, mama anapepea goti, mimi nalia. Pilipili ya nyumbani haina kipimo, msiifanye. Tulivyohamia krimu ya famasi, akivaa glavu, bila kukandwa kwanza, wiki ya tatu alianza kuiulizia mwenyewe ikikaribia kuisha. Kwa vitu vya kupaka, hii ndiyo nimeipa alama ya juu.

Ile chumvi yenyewe mmeiona, ni ya mawe, ya 1,000. Unaikaanga kwenye sufuria kavu, unaifunga kwenye kitambaa kizito, unakanda dakika kumi na tano. Haitibu kitu, ila asubuhi ya upepo wa Bahi inalegeza goti lililokaza, na mama haitaki kuikosa. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asithubutu, ataungua bila kusikia.

Mmeniuliza pia vidonge vya glukosamini, vile vinavyotokana na maganda ya kamba na kaa. Bei yake imechangamka. Marekani walivijaribu kwa watu 1,583, majibu yakatoka mwaka 2006: kwa jumla havikukishinda kidonge cha uongo, yaani kisicho na dawa ndani. Sikununua.

Sasa kikopo. Hiki sikumpa mama. Alikinunua mama mdogo stendi, kwa jamaa mwenye kipaza sauti: baridi yabisi, presha, sukari, nguvu za kiume, vyote humu. Hakina jina la mtengenezaji, hakina namba ya usajili, unga tu wa kahawia. Siku ya pili mama mdogo akapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Familia nzima tukaitaka! Wiki ya tatu uso umejaa, anakula kama mtu wa kwaresima aliyefunguliwa, zahanati wanapima sukari, iko juu. Majani yaliyosagwa hayafanyi kazi kwa kasi ile. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho. Maabara ilikuta ndani diklofenaki, dawa ya maumivu ya hospitali, na deksamethasoni, na kwenye lebo hazikuandikwa. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na kuvimba uso, njaa na sukari kupanda ni tabia zake. Ukiwa umeshatumia unga wa namna hii wiki kadhaa usiuache ghafla, nenda kituo cha afya na kopo lako mkononi. Na kabla ya kununua, uliza namba ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akicheka, umeshajibiwa.

La mwisho hata haliko mezani, halikuingia. Mama amepika miaka yote kwenye kigoda, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni. Fundi wa Chang'ombe amenitengenezea kiti kirefu na meza ya kuinulia jiko, 40,000. Ukikaa juu huhitaji kujisukuma kwa magoti kila sufuria ikichemka. Na physio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpa zoezi: akiwa ameketi, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu mpaka tano, mara kumi kila upande, misuli ya paja ibebe mzigo. Analifanya akisubiri maji ya ugali.

Kiti alikikataa wiki nzima, akasema namfanya apike kama mgeni. Juzi nimepiga simu, kabla hajaniitikia nikamsikia anamfokea mjukuu: "Toka kwenye kiti changu!"