Ukiwa Tabora, ununue kitabu gani cha kompyuta?

Mpwa wangu alikuja steshenari kwangu na kitabu kinene cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alichokinunua mtumba. Akakaa kwenye mashine ya pembeni, ile ninayoiachia wateja wa kuchapa barua, akaandika mstari wa kwanza kama ulivyo kitabuni: print "Habari". Mashine ikakataa. Akarudia herufi moja moja, kidole kikiwa juu ya ukurasa. Ikakataa tena.

"Mjomba, kitabu kinadanganya."

Hakikuwa kinadanganya. Kiliandikwa kwa ajili ya Python 2, na mashine yangu ina Python 3, toleo lililotoka mwaka 2008, ambalo linataka mabano: print("Habari"). Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vyake bado vinazunguka kwenye meza za mitumba. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kipi, kwanza namuuliza mashine atakayotumia ina nini ndani.

Ninachokiweka namba moja ni kitabu cha mtumba cha Excel, programu ya kupangia mahesabu kwenye majedwali. Vijana watanibishia, maana wao wakisema kompyuta wanafikiria kutengeneza programu za simu. Sawa. Lakini angalia anayetafutwa hapa mjini: mtu wa kuwapangia AMCOS za tumbaku, yaani vyama vya ushirika, mahesabu ya wakulima, mtu wa kumwambia muuza asali ndoo zipi zimelipwa na zipi bado. Tena vitabu vya Excel havichachi haraka. Sura ya programu ilibadilika sana mwaka 2007, menyu zikawa vichupo vyenye vitufe juu ya ukurasa, na toka hapo mambo ya msingi yako palepale. Kitabu cha 2010 kitakufundisha fomula za SUM ya kujumlisha, IF ya kuweka sharti na VLOOKUP ya kutafuta kwenye jedwali, na zote zinafanya kazi leo. Cha kabla ya 2007 kiache. Kitakutuma ufungue menyu ya Tools, utaitafuta mpaka adhuhuri.

Wala usidhani kipya ndicho salama. Kitabu cha karibuni kinaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye XLOOKUP, fomula mpya ya kutafutia, ambayo Office 2010 ya kompyuta yako ya mtumba haijawahi kuisikia. Itakujibu #NAME? na utajiona mjinga bure. Ukishakinunua, mifano yake ya mauzo ya Marekani iruke, weka yako: safu ya jina la mrina asali, ya ndoo za lita 20, ya bei, ya alicholipwa. Deni likijihesabu lenyewe ukibadilisha namba moja, hapo umeshaelewa sura tatu.

Namba mbili ni kitabu kipya cha Python, na hiki mara nyingi utakiagiza Dar es Salaam kije kwa basi. Ni ghali kuliko vyote nitakavyovitaja. Nakiweka juu kwa sababu Python ni lugha inayomhurumia anayeanza, na kwa sababu kosa la mpwa wangu linaepukika kwa dakika mbili za kuuliza. Usikubali kutumiwa picha ya jalada peke yake. Mwombe muuzaji apige picha ya ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, kisha ukurasa wowote wa katikati wenye msimbo, yaani mistari ya maagizo kwa kompyuta. Ukiona print haina mabano, mshukuru, tafuta kwingine. Na hesabu kurasa zinazopita kabla hujaambiwa uandike kitu. Kitabu cha anayeanza kinatakiwa kikushikishe kibodi mapema. Kikianza na kurasa arobaini za historia toka abakasi, wengi hawafiki ya arobaini na moja.

(Neno msimbo najua halijazoeleka. Lakini ukisema unajifunza kodi, watu wanafikiria TRA, na ukisema unajifunza kukodi, mtu wa Isevya atakuuliza: chumba au baiskeli?)

Namba tatu ni PDF. Mwongozo rasmi wa Python unapakuliwa bure. Uweke kwenye flashi, usome hata bando likiisha. Shida iko kwenye kunakili. Ukikopi msimbo kutoka PDF au Word, alama za kunukuu mara nyingi zinakuja zimepinda, “hivi”, na Python inazitaka zilizonyooka, "hivi". Jicho halioni tofauti, mashine inaiona. Uandike kwa mkono wako, ndiyo namna ya kujifunza pia. Ukitaka kuichapisha yote, piga hesabu kwanza: steshenari ikitoza shilingi 100 kwa ukurasa, kurasa 400 ni shilingi 40,000. Hapo afadhali ungeagiza kitabu.

Namba nne ni kitini cha fotokopi, na hapa nasema kinyume cha mfuko wangu. Kwa Word na Excel kinasaidia, ingawa picha za skrini zikishapita mashine mara tatu zinabaki weusi mtupu. Kwa Python ni hatari. Katika lugha hiyo nafasi tupu za mwanzo wa mstari ni sehemu ya maana, kwa kawaida nne, na zikikosewa programu haiendi au inafanya jambo jingine. Sasa mtu akilaza kitabu kinene kwenye kioo, mgongo wa kitabu unameza ukingo wa kushoto. Msimbo wote unaonekana umeanzia mahali pamoja. Ukilazimika kufotokopi, mwambie wa mashine abane kitabu vizuri, na uhakiki ukurasa mmoja kabla hajaendelea na mingine.

Vitabu vya Kiswahili vipo vichache, nanunua nikivikuta, lakini viwe vya kusindikiza tu. Kimoja kiliniambia nibonye "baobonye". Nilikaa nalo kitambo mpaka nikagundua ni kibodi.

Nje ya orodha kuna kitabu ambacho watu wa mji huu wanakipita. Tabora ni mji wa uhazili. Chuo chetu kimetoa makatibu muhtasari kwa miaka mingi, na nyumba nyingi zina kitabu cha zamani cha kujifunza taipu kabatini kwa shangazi. Kiombe. Mpangilio wa herufi ni uleule wa QWERTY, vidole vinakaa palepale asdf na jkl, na mazoezi yake ni makali kuliko ya vitabu vya siku hizi. Sheria moja tu uiache: taipureta ilitaka ushuke mstari mwenyewe kila ukifika mwisho, Word inashuka yenyewe. Nawajua kwa macho waliosomea taipureta. Barua yao ukibadilisha ukubwa wa herufi, mistari inavunjika vipandevipande.

Wa mwisho kabisa ni kitabu kinachoahidi kila kitu: Windows, Word, Excel, PageMaker, intaneti na Visual Basic ndani ya jalada moja, na CD imebandikwa nyuma. PageMaker ilikuwa programu ya kupangia kurasa za kuchapwa, na toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2001. Kila somo linapata kurasa thelathini, yaani kukuonyesha mlango bila kukuingiza ndani. Mpwa wangu alikinunua na hicho pia, siku ileile, kwa sababu ya CD. Laptopu yake haina hata pa kuichomeka. Ameitundika kwa uzi kwenye shamba la mtama la bibi yake Sikonge, inang'aa na jua, na bibi anasema ndege wamepungua.