Uzoefu wangu: Kupunguza kelele za ekzosi ya Boxer hapa Moshi bila kununua mpya

Boxer BM150 yangu niliinunua mkononi kwa kijana wa Majengo ambaye alikuwa ameitoboa ekzosi ili isikike kabla haijaonekana. Kwake ilikuwa sifa. Kwangu mimi ninayeshusha maziwa kutoka Kibosho kwenda mjini kabla hakujapambazuka, ilikuwa kero tupu. Barabara ile inapita katikati ya migomba na nyumba za watu, na pikipiki ikipanda mlima kwa gia namba mbili mlio unaingia hadi vyumba vya kulala. Wazee wa jumuiya waliniita wakasema nami kwa upole, na upole wa wazee unauma kuliko matusi. Mmoja, bwana afya mstaafu, alinikumbusha kwamba kelele zina kanuni zake tangu mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Nikamwambia, "Nimekusikia, mzee wangu, nitaishughulikia."

Dukani walinitajia Sh 95,000 kwa ekzosi waliyodai ni ya kampuni, na Sh 55,000 kwa ile ya kuiga. Hiyo ya bei nafuu niliinyanyua, nyepesi mno, nikaigonga kwa kidole ikalia kama sufuria tupu. Bati jembamba namna ile lenyewe linatetemeka na kuongeza mlio wake. Nikairudisha rafuni.

Kilichonipa matokeo makubwa kwa hela ndogo ni gasketi, ile pete ya kuzibia maungio, ya Sh 3,000. Watu wengi wakisikia kelele macho yao yanakwenda nyuma kwenye sailensa, kumbe sehemu ya kelele inatokea mbele kabisa, pale shingo ya ekzosi inapofungwa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Pale kuna gasketi ya mviringo. Ikichakaa, au nati zake mbili zikilegea, moshi unapenya hapohapo kabla haujafika kwenye sailensa. Hata ukifunga sailensa mpya ya laki moja, huo mlio hautaondoka.

Dalili zilikuwa wazi kwenye yangu. Masizi meusi yalikuwa yameizunguka shingo, kulikuwa na mlio mkavu wa ta-ta-ta karibu na goti, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga baruti. Hiyo baruti inasababishwa na hewa inayonyonywa kupitia ule upenyo. Ikikutana na petroli ambayo haijaungua ndani ya bomba la moto, inalipuka. Kuna mafundi watakaokimbilia kuchezea kabureta. Wazuie kwanza. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, washa, halafu mwenzako azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache tu. Mapovu yakifoka, umeshampata mchawi.

Kufunga gasketi si kazi ngumu, ila nati za shingo huwa zimeshikana na kutu. Ziwekee mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache zilale nayo. Ukizilazimisha na bolti ikakatikia ndani ya silinda hedi, hapo umehama kwenye elfu tatu, uko kwenye gharama nyingine kabisa. Wakati wa kukaza, kaza kwa kupokezana, huku kidogo na kule kidogo, la sivyo shingo inakaa upande na gasketi mpya inavuja siku hiyohiyo. Ukishatembea injini ikapata moto na kupoa, rudia kukaza.

Baada ya hapo kilibaki alichokiharibu yule kijana. Ndani ya sailensa ya kiwandani kuna vyumba vilivyogawanywa kwa vibati na vibomba vifupi. Moshi unazungushwa humo, na mawimbi ya sauti yanagongana na kupunguzana nguvu kabla ya kutoka. Yeye alikata kitako, akang'oa vibati vyote, akachomelea tena na kuweka mdomo mpana. Ukimulika kwa tochi ya simu unaona hadi mwisho.

Niliipeleka kwenye kibanda cha kuchomelea Pasua. Fundi aliniambia nije saa nane mchana na tukaanza kazi karibu na magharibi, kwa hiyo kwenye kutunza muda simpi alama hata moja. Kwenye kazi yenyewe nampa nyingi. Alitengeneza kizibo cha kuchomeka: kipande cha bomba kirefu kuliko kiganja changu, kimetobolewa kwa drili pande zote, ncha ya ndani imezibwa kwa kibati, na nyuma kimechomelewa washa kubwa (kile kibati bapa cha duara chenye tundu katikati) inayokaa sawasawa kwenye ule mdomo mpana. Hakukichomelea kwenye ekzosi. Alitoboa tundu moja pembeni akakikaza kwa bolti, hivyo kinatoka na kurudi.

Alianza na bomba la nusu inchi. "Mangi, hii itanyamaza kabisa," akasema. Ilinyamaza kweli, lakini nilipoijaribu mlimani na madumu yangu ikakosa pumzi. Nilikuwa napanda kwa namba moja mahali ninapopanda kwa namba mbili, na injini ikawa ya moto isivyo kawaida. Moshi ukikosa pa kutokea unarudisha mgandamizo kwenye injini, na injini ya 150 haina nguvu za kuchezea. Tukahamia bomba la robo tatu, na hapo nikamwomba tupige hesabu ya matundu. Robo tatu lina uwazi wa milimita 21 hivi. Ukitoboa kwa drili ya milimita 6, unahitaji matundu yapatayo 13 ili jumla ya uwazi wake ilingane na mdomo wa bomba lenyewe. Yakipungua hapo, umeibana pikipiki bila kujua. Tuliweka 24, na mlimani ikarudi kuwa ile ninayoijua.

Jambo la bomba gani litumike lina uzito wake. Sisitiza bomba jeusi. Yale ya maji yaliyopakwa zinki yakichomelewa yanatoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta anaweza kulala na homa usiku kucha. Mafundi wengi wanaamini maziwa yanaondoa sumu hiyo. Mimi kama muuza maziwa sina sababu ya kibiashara ya kuwabishia, lakini maziwa yanakwenda tumboni na ule moshi umeingia kwenye mapafu. Pia shusha ekzosi kabisa kabla ya kuchomelea chochote. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu unaweza kuua CDI, kile kifaa cha umeme kinachofanya plagi itoe cheche, na hapo pikipiki inanyamaza kweli.

Tulibishana kuhusu katundu kadogo chini ya sailensa. Fundi alikaona akasema kanavujisha sauti, tayari ameshika fimbo ya kuchomelea. Nilimzuia. Kale kamewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Petroli ikiungua inazaa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli inatoa maji yanayokaribia lita moja. Kwenye safari ndefu yanatoka kama mvuke. Kwenye zile za kusimamasimama, dukani hadi sokoni, bomba halipati moto wa kutosha, maji yanatuama chini na sailensa inaliwa na kutu kutokea ndani. Hiyo sauti inayopita pale wala huisikii.

Kwa wanaopenda namba: niliweka simu juu ya stuli hatua tatu nyuma ya pikipiki, sehemu ileile kila mara, nikitumia programu ya kupima sauti. Mwanzo ilisoma desibeli 97, baada ya gasketi 91, baada ya kizibo 84. Simu si kipimo cha maabara, na zaidi inafaa kulinganisha kabla na baada. Ila kumbuka desibeli hazihesabiwi kama kilo. Zikishuka 10, sikio linasikia kama mlio umepungua nusu.

Jumla nilitumia Sh 18,000: gasketi elfu tatu, fundi elfu kumi na tano pamoja na vifaa vyake.

Sitasema imekuwa kama ya dukani. Kwenye mwendo wa kati kuna mvumo mzito ambao Boxer ya kiwandani haina, na bolti ya kizibo ikilegea inaanza kulia kengele. Nimeongeza washa ya springi, na sasa naikagua kila ninapoosha pikipiki. Mafuta sijaona ikila zaidi.

Mwenzangu wa kijiweni alichagua njia ya bei rahisi kuliko yangu: alishindilia stili waya, ile ya kusugulia masufuria, kwenye ekzosi. Siku za mwanzo ilipoa kweli tukamsifu. Kisha ikaanza kuungua na kutoka vipandevipande, usiku unaona cheche zinaruka nyuma, na sasa mlio umerudi palepale. Pamba ya kioo inavumilia moto zaidi, lakini inafaa kwenye sailensa yenye bomba la matundu lililonyooka katikati, pamba ikiwa imebanwa pembeni yake. Hizi Boxer na TVS zetu ni za vyumba, pamba haina pa kushika. Na ukiigusa bila glavu na barakoa utajikuna hadi ujute.

Kama sailensa yako haijatobolewa, ishia kwenye gasketi, usimpe fundi hela nyingine. Kama imetobolewa lakini bati bado ni zima, kizibo cha robo tatu kinatosha. Ila kama ukiibonyeza kwa bisibisi inaingia, kuchomelea ni kutupa hela, kwa sababu kila kiraka kitazaa tundu jipya pembeni yake. Hapo ulizia ekzosi ya kampuni iliyotoka kwenye Boxer ya ajali. Nilitajiwa Sh 35,000 kwa moja iliyokuwa imeshauzwa siku moja kabla, na namba yangu nimemwachia fundi endapo itapatikana nyingine.