Nimelipia kutembezwa Bethlehem, nikaambiwa sisi Wamoravian tumekwisha

Nyota moja, na hiyo nimeitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Bethlehem ninayoisema ni ya Pennsylvania, Marekani. Waliouanzisha mji huu ni Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti, wengi wao watu wa Kijerumani, wa kanisa lililofufukia Herrnhut, Saxony, pale wakimbizi wa dini walipoanza kujenga mwaka 1722 kwenye ardhi ya bwana mkubwa Zinzendorf. Mkesha wa Krismasi wa 1741 Zinzendorf mwenyewe alikuwapo, kwenye nyumba ya magogo iliyoungana na zizi la wanyama, na hapo ndipo mji ulipopewa jina. Miaka 150 baadaye, 1891, wamisionari wa kanisa hilohilo wakafika Rungwe, Tanzania ya leo. Rungwe ni kwetu. Nimebatizwa huko, babu amezikwa huko, na alfajiri ya Pasaka tumeamshwa na matarumbeta tukaenda makaburini gizani tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Kwa hiyo msinihesabu na watalii.

Kampuni sitaitaja. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu, sauti anayo, na mwanzoni nilimpenda. Alitueleza vizuri jinsi walivyoishi kwa mfuko mmoja hadi 1762, kazi za wote, chakula cha wote. Akaeleza utepe wa kofia za wanawake: buluu kwa mke wa mtu, waridi kwa ambaye hajaolewa, mweupe kwa mjane. Akatuonyesha nyumba ya mitambo iliyokuwa ikisukuma maji ya chemchemi kupanda mlima, jengo la 1762. Nikasema moyoni, hapa pesa yangu imefika.

Halafu akasema Wamoravian walikuwa watu wa ajabu sana, na kwamba siku hizi wamebaki wachache, wazee watupu.

Nikanyoosha mkono. "Samahani kaka, mimi ni Mmoravian."

Akacheka. Akaniuliza, mbele ya kundi zima, babu zangu walitoka Ujerumani sehemu gani.

Watu wakacheka naye. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenipeleka, akaangalia viatu vyake. Nikamjibu kwamba hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania, na kama wazee wamemwishia huku, aje Mbeya Jumapili yoyote aone vijana wanavyokosa pa kukaa. Akasema, "Inapendeza sana," kwa ile sauti ya kumjibu mtoto, akageuka na kutuongoza dukani.

Dukani! Tulikaa humo muda wa kuinjika ugali, ukaiva, ukaliwa na vyombo vikaoshwa. Nyota za karatasi, mishumaa, biskuti za kwenye kopo. Tulipofika kwenye makaburi ya kale, ambayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani, akasimama nje akaonyesha kwa kidole. Mama mmoja akauliza kwa nini mawe yamelazwa chini. Mwongozaji akajibu ni ili iwe rahisi kukata nyasi.

Kukata nyasi! Mtoto wa Shule ya Jumapili kwetu angemsahihisha. Mawe yamelazwa na yanafanana ili asiwepo marehemu aliyeinuka kuliko mwenzake. Nikauliza basi tuonyeshwe alipozikwa Andrew. Andrew gani? Akasema hilo halimo kwenye ratiba ya leo, na ziara ikaishia pale.

Basi niwaelezee mimi, bila malipo. Andrew alizaliwa Afrika Magharibi karibu na 1729, Mwigbo, jina lake Ofodobendo Wooma. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa New York, na 1746 akaletwa Bethlehem, akabatizwa. Aliacha simulizi ya maisha yake, kama ilivyokuwa desturi ya Wamoravian wa mji ule, na alipofariki 1779 akazikwa humo humo na ndugu wengine.

Na hapa hasira yangu ikahama kidogo, sitaficha. Maana ndugu hao hao wa mfuko mmoja na mawe ya kulingana walimmiliki. Alikuwa ndugu kanisani na mali kwenye karatasi. Hilo kijana angelisema, hata kwa dakika mbili, ningemsamehe biskuti zote. Lakini nikijiuliza, hata kwetu nimelisikia lini mimbarini? Sijawahi. Kwa hiyo labda si yeye peke yake wa kulaumiwa, naye huenda alikariri alichopewa.

Hapana. Kunicheka hakukariri popote. Nyota moja inabaki.

"Shem, achana naye, tutarudi wenyewe," shemeji alisema, na tukarudi jioni. Hakuna kiingilio, hakuna wa kukuharakisha. Nyasi fupi, vijiwe vya mraba, herufi zimelika hadi nyingine unasoma kwa kidole. Wajerumani, Wamohikani (wenyeji wa asili wa Marekani) na Waafrika wamo kwenye safu zilezile, kwa makundi yao: wanaume huku, wanawake kule. Shemeji ni Mkatoliki, alishangaa. "Yaani hata kaburini mnatenganishwa na mke?" Nikamwambia ndiyo, na wengine wanashukuru. Alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo mji wenyewe, ambao mwaka 2024 umeingizwa pamoja na Herrnhut kwenye orodha ya urithi wa dunia, naupa nyota tano. Nne, kwa ajili ya Andrew. Nendeni, ila nendeni wenyewe.

Kampuni niliiandikia nikidai nusu ya pesa yangu. Wamejibu kwa ukarimu mwingi wakiniomba niwape nyota tano.