Vibao vya mpini wa bastola: nilivyotoka kwenye mti wa jozi, raba, G10 na mpingo hadi Micarta

Nina mikono midogo, tena inatoka jasho. Naanza na hilo kwa sababu yote nitakayosema hapa yametokana na mikono hiyo. Mwenye viganja vipana na vikavu huenda akachagua tofauti na mimi, na akawa sahihi.

Bastola yangu ni ya mtindo wa 1911, ya risasi za .45, ule uliobuniwa na John Browning na kupokelewa na jeshi la Marekani Machi 1911. Ni chuma kitupu, karibu kilo 1.1 kabla hujaweka risasi. Niliinunua hapa Houston, Texas, baada ya miezi kadhaa ya kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha. Bastola za Glock na jamaa zake, mpini umefinyangwa pamoja na kiunzi chenyewe. Usipokukaa mkononi, unaloweza ni kubandika utepe wa kukwaruza tu. Lakini 1911 ina vibao viwili, kimoja kila upande, vimeshikwa na skrubu mbili mbili. Dakika kumi na bisibisi, umepata mpini mwingine.

Vilivyokuja nayo vilikuwa vya mti wa jozi, vimechongwa vijimiraba vyenye ncha, na umbo la almasi limeachwa bila kuchongwa kuzunguka kila skrubu. Vinapendeza sana. Ila kidole changu cha shahada kilikuwa kinafika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, kwa hiyo nilikuwa nausogeza mpini kiganjani ili nifikie, na risasi zinaangukia kushoto. Wiki nyingi nikaulaumu mti. Kumbe kosa lilikuwa unene. Vibao vya kawaida vina kama milimita 6 kila kimoja. Viko vyembamba vya milimita 4 hivi, na ukijumlisha pande zote mbili tofauti yake mkononi ni kubwa mno. Kama una mikono kama yangu, anza na unene, kisha ndiyo uulize vimetengenezwa na nini.

Ila vyembamba vina mambo mawili ambayo mimi nilijifunza kwa kulipa posta mara mbili. Vinahitaji bushi fupi, zile pete zenye mistari ya skrubu zinazoingia kwenye chuma na kupokea skrubu. Bushi ndefu zinatokeza juu ya kibao. La pili, kibao cha kushoto kina kazi nyingine: kinaegemeza kijibomba chenye springi inayobana kitasa cha usalama. Angalia kama kibao chako chembamba kinakigusa. Kikiacha mwanya, kijibomba hicho kinaweza kulegea siku za mbele.

Kabla sijajua hayo nilikuwa nimeshajaribu raba, dola 30, ile inayozunguka hadi mbele na matuta ya kupanga vidole. Teke la .45 lilipungua, hilo sikatai, na wenye maumivu ya viungo huenda wakaishukuru. Lakini matuta yalipangwa kwa vidole vya mtu mwingine, kidole changu cha kati kilikuwa kinapanda juu ya tuta kila mara. Halafu raba inang'ang'ania nguo: ukiwa na bastola kwenye ala ya kiunoni, shati linanaswa na kuvutika. Baada ya miezi ya mafuta ya kusafishia, kingo zikaanza kunata. Nikaitoa.

G10 ndiyo kila mtu uwanjani aliniambia ninunue. Ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa resini ya epoksi, vikapangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kwa joto. Maji haiyajui, mafuta haiyajui, dawa ya kusafishia mtutu haiyajui. Nilinunua vyembamba, vyenye mikwaruzo mikali, dola 75, na kwa mara ya kwanza bastola haikucheza kabisa mkononi. Risasi zangu zikarudi katikati. Ningekuwa nashindana, ningeishia hapo. Tatizo ni kwamba baada ya risasi 150 kiganja kilikuwa chekundu kama nimesugua jiwe la kisigino, na ubavuni, bastola inapokaa ndani ya suruali, ngozi ilichubuka. Kuna G10 yenye michoro laini, nayo ni nzuri. Ila usijaribu kuilainisha mwenyewe kwa msasa bila barakoa ya vumbi: ile ni kioo, na vumbi lake halitakiwi mapafuni.

Mpingo niliununua kwa moyo. Nimezaliwa Lindi, baba yangu mdogo anachonga, na nimekua nikinusa mpingo unaopasuliwa. Nilipoona vibao vya mpingo vinauzwa Marekani, dola 110, sikujiuliza mara mbili. Nilimpigia simu siku vilipofika.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hiyo picha nimeiona. Umeshakitumbukiza majini?"

"Bado."

"Kitumbukize. Mpingo hauelei. Kikielea, huo ni mti mwingine umepakwa dawa ya viatu."

Nikajaza bakuli, nikakiachia kimoja. Kikazama moja kwa moja, kikagonga chini. Nilifurahi kiasi kwamba nilikitoa nikakirudisha tena, naye anasikia simuni. Kwa wasioujua, mpingo una uzito wa kama gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, ndiyo maana unazama, na ndio unaotengenezewa klarineti na obo. Nyeusi ile ni kiini. Pembezoni kuna ganda jeupe la manjano, na kibao changu kimoja kina mstari wake mwembamba kando, kama pindo la leso. Ninaupenda mstari ule kuliko kitu chochote kwenye bastola hii.

Muulize muuzaji ulikotoka. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kuuvusha mipaka kwa kawaida inataka vibali. Muuzaji mwenye makaratasi hakasiriki ukimuuliza. Iko misitu ya vijiji Kilwa iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, na fedha za mpingo wake zinabaki kwa wanakijiji. Mimi hilo linanihusu moja kwa moja. Kwa sababu hiyo hiyo, mzee mmoja kwenye maonyesho ya silaha aliponionyesha vibao vya pembe za ndovu vya zamani na kuniambia hata Jenerali Patton, yule Mmarekani wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa na bastola za mipini ya pembe, nilivirudisha mezani. Pori la Selous, kusini mwa Tanzania, lilihesabiwa tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walikuwa kama 13,000. Siwezi kushika hicho kitu.

Uwanjani mpingo ulinishinda. Ulikuwa umeng'arishwa ukawa kama kioo, na Julai ya Houston unatoka jasho hata ukiwa umesimama kivulini. Kufikia risasi ya ishirini bastola ilikuwa inajizungusha kiganjani kila inaporuka. Nikampelekea fundi achonge vijimiraba. Alikubali, lakini alinionya kwamba mti huu unakula vifaa, maneno yale yale ambayo baba mdogo husema kuhusu patasi zake. Vilirudi vizuri, mshiko ukapanda mara mbili, lakini jasho likizidi bado nausikia ukiteleza kidogo.

Micarta ndiyo iliyobaki, na ndiyo sikuitegemea. Kampuni ya Westinghouse ilianza kuitengeneza karibu 1910 kwa kazi za umeme: kitambaa au karatasi iliyoloweshwa resini ya fenoli na kubanwa. Nilichukua ya turubai, nyembamba, isiyong'arishwa, dola 80. Hilo la kutong'arishwa ni muhimu sana, kwani ikisuguliwa hadi kung'aa inateleza kama plastiki. Ukiishika kavu utadhani ni kitambaa kigumu, haina ukali wowote. Ikilowa, inashika zaidi. Sikuamini hadi nilipopiga magazini (makasha ya risasi) sita mchana wa Agosti, viganja vimelowa chepechepe, na bastola ikabaki pale pale nilipoishika. Kiganja hakikuwa chekundu, ubavu haukuchubuka. Rangi yake ya kahawia imeanza kuwa nyeusi pale kidole gumba kinapokaa, kwa mafuta ya ngozi, na mimi naiona inapendeza hivyo. Anayetaka kitu kibaki kama kilivyotoka dukani achukue G10.

Unapobadilisha, toa magazini, vuta sehemu ya juu nyuma, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho kisha uguse kwa kidole, ndipo ushike bisibisi. Usikaze skrubu kwa nguvu za mkono mzima. Mti hupasuka kuanzia tundu la skrubu, na vile vya jozi vyangu vina ufa hapo. Gundi kali ya kushikiza skrubu usiitie, maana siku ya kufungua, bushi nzima inaweza kutoka na skrubu yake. Mimi naweka kipete chembamba cha mpira chini ya kichwa cha skrubu, na skrubu haijawahi kulegea.

Sasa Micarta inakaa kuanzia Machi hadi Novemba. Desemba hadi Februari, hewa ikiwa kavu na mikono haitoki jasho, narudisha mpingo, mstari mweupe upande wa kidole gumba, nampigia baba mdogo picha. Vichwa vya skrubu vimechakaa kwa kufunguliwa mara kwa mara, kwa hiyo wiki hii nimeagiza nne mpya, zenye tundu la pembe sita badala ya mfuo wa bisibisi.