Nimetoka Mwanza mpaka Koh Samui kwenda kuangalia mawe na kula sato

Watu kila siku wananiuliza hapa mgahawani, mama hebu tuambie Thailand kulikuwaje, nikianza kuelezea samaki zinaungua jikoni, kwaiyo leo nimekaa naandika yote kwa mpigo asome anayetaka kusoma. Ilikuwa Novemba 2024, mimi na wifi yangu, siku saba kisiwani Koh Samui. Kwa kifupi kisiwa chenyewe nakipa nyota nne na nusu, nyumba tuliyolala nyota tatu, na wakala aliyetuuzia safari nampa moja, na hiyo moja ni kwa sababu tiketi za ndege zilikuwa za kweli.

Ngoja nimalizane kwanza na huyo wakala nishushe hasira. Jina simtaji, ni mtu wa hapahapa mjini, ana ofisi nzuri ina kiyoyozi na picha za bahari ukutani. Akatuambia Novemba ndo sizoni inaanza Thailand, mvua zimeisha, jua tu. Sasa sikilizeni nyie mnaopanga kwenda, hiyo ni kweli kwa upande wa Phuket, kule bahari ya Andaman mvua yao kubwa ni kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi. Samui iko upande wa pili, kwenye Ghuba ya Thailand, na kule mvua inashuka mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na Novemba ndo mwezi wenyewe. Nchi moja lakini bahari mbili na kila bahari ina masika yake. Tena kwenye pakeji alituwekea siku nzima ya boti kwenda Ang Thong, ile hifadhi ya bahari yenye visiwa 42, tumelipia kabisa, kufika tunaambiwa Novemba huwa wanaifunga sababu ya mawimbi. Imefungwa mama, rudi Januari. Nilivyorudi nikaenda ofisini kudai hela ya boti nikaambiwa "tutaliangalia", mpaka leo bado wanaliangalia.

Njia tuliyopita ni Mwanza, Dar, Addis, Bangkok. Cheti cha homa ya manjano wanakikagua kweli, msidhani utani, sisi Watanzania tumo kwenye orodha yao. Wifi yangu cha kwake alikuwa amekipakia kwenye begi lililoenda chini ya ndege, tukawekwa benchi pale karibu saa nzima, mimi nimenuna yeye anaimba pambio kimoyomoyo. Kiwekeni kwenye mkoba.

Samui ina uwanja wake wa ndege toka 1989 lakini tiketi za kuruka mpaka pale zina bei ya kutisha, sisi tukapanda treni ya usiku toka Bangkok mpaka Surat Thani, kiti kinageuzwa kitanda na kijana anakuja kukutandikia shuka, nimelala kama mtoto. Asubuhi basi mpaka bandari ya Don Sak, halafu feri.

Hapa kwenye feri nitulie kidogo. Mtu wa Mwanza akipanda meli hapandi kama watu wengine, hata kama ulikuwa mdogo 1996 MV Bukoba ilipozama ziwani unaijua, kila nyumba ina mtu. Kwaiyo mimi kabla ya kukaa nilizunguka, nikaangalia maboya yako wapi, nikanyanyua kifuniko cha kiti nikaona majaketi yamo, nikahesabu milango, kuna mzungu mmoja ananiangalia anacheka. Cheka baba. Malori yalipakiwa chini moja moja, jamaa na filimbi anawapanga, lori likizidi mstari linarudishwa nyuma. Safari ni saa moja na nusu hivi mpaka Nathon, maji yalikuwa yanachafuka lakini feri imetulia, na wifi alitapika ila yeye hutapika hata kwenye feri yetu ya Kamanga hapa Mwanza, kwaiyo hilo halihesabiki.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Lamai, vijumba vya mbao chini ya minazi. Minazi jamani! Kabla ya watalii kisiwa hiki kilikuwa kinaishi kwa nazi, na mpaka leo ukipanda mlimani ni minazi mpaka unachoka, mimi huku nazi nanunua zimetoka pwani zimepigwa jua kwenye lori siku tatu, nikatamani kulia. Chumba kisafi, neti nzima, ila kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji juu ya kitanda cha wifi, tukaomba kirekebishwe siku ya kwanza, wakaleta ndoo. Siku ya pili ndoo kubwa zaidi. Wanatabasamu sana lakini fundi hatukumuona, ndo maana tatu.

Sasa mawe. Pale Lamai mwisho wa ufukwe kuna mawe mawili maarufu kisiwa kizima, Hin Ta na Hin Yai, yaani jiwe la babu na jiwe la bibi. Sitaelezea yamefananaje, lakini la babu limesimama wima linaangalia juu na la bibi ni mwanya unaoingia maji, mmenielewa. Watu wanapanga foleni kupiga picha. Wifi yangu akasimama mikono kiunoni akaniambia, "Wifi, yaani tumetoka Mwanza kwenye mawe, tumelipa milioni tano na ushee kila mtu, kuja kuangalia mawe?" Nikakosa jibu. Maana kweli, mtu anayeamka kilimani Bugando anaona majabali yamekaa juu ya mabati ya watu, ana Jiwe la Bismarck pale majini kila siku, na akivuka mpaka Ukara kuna jiwe linalocheza, huyu mtu utamuonyesha jiwe gani?

Ila wenzetu jiwe lina hadithi yake. Wanasema hapo zamani mzee na mkewe walipanda chombo kwenda kumposea mtoto wao wa kiume, wakapigwa na dhoruba, chombo kikazama, wakafa wote wawili, na miili yao ikageuka mawe ili ukweni wajue kwamba walikuwa wanakuja kweli, hawakudanganya. Hapo kwenye "hawakudanganya" wifi alinyamaza, maana yeye wakwe zake walichelewa wiki mbili kuleta barua na hajasahau.

Na njia nzima ya kwenda kwenye mawe wanauza kalamae, peremende nyeusi ya kunata, tui la nazi na unga wa mchele unaonata na sukari, inapikwa kwenye karai kubwa na inakorogwa bila kusimama. Nilisimama pale nikamtazama mama mmoja anakoroga, mwiko mrefu kama kasia, anavuta toka chini, anakunja, anavuta, mafuta ya nazi yanatoka pembeni yanang'aa, mkono haupumziki, ni kazi ya haluwa kabisa kama uliwahi kuona inapikwa Zanzibar. Zinafungwa kwenye jani kavu kama koni. Nilinunua pakiti sita, zimefika Mwanza mbili.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni Wat Khunaram. Ni hekalu, na ndani kwenye kibanda cha kioo amekaa mtawa aliyefariki mwaka 1973. Amekaa hivohivo alivyofia, miguu amekunja, kanzu ya rangi ya chungwa, na amevalishwa miwani ya jua nyeusi kwa sababu macho yameondoka. Luang Pho Daeng anaitwa. Mwili haukuoza ukakauka, na aliwaachia maagizo ikitokea hivo wamuweke watu wamuone wakumbuke kwamba wote tutakufa. Mimi niliingia na wasiwasi, kwetu maiti haiwekwi dirishani, lakini palikuwa na utulivu, watu wanapiga magoti wanachoma udi wanaondoka, kuna katoto kalikuwa kanamuangalia bila uoga wowote huku kanakula aiskrimu. Viatu mnaacha nje, mabega mfunike, mimi nilikuwa na kitenge kwenye mkoba kikaokoa watu wawili. Na ukikaa chini usimuelekezee mtu wala sanamu nyayo za miguu, kichwa cha mtu usikiguse hata cha mtoto, na mwanamke hamgusi mtawa kabisa. Salamu ni kuunganisha viganja kifuani na kuinama kidogo, mwanamke anamalizia "kha", mwanaume "khrap". Mtu wa Kisukuma kuinama kusalimia sio tabu, tulizoea siku moja tu.

Chakula sasa, hapa ndo kwangu. Mitaani sahani ya tambi za kukaanga au wali ni baht, hela yao, 60 mpaka 100, na baht moja tuliyobadilisha haikufika shilingi 80, kwaiyo unashiba kwa elfu sita saba. Hoteli za ufukweni zidisha mara tatu na ladha punguza nusu. Jifunzeni neno moja, "mai phet", yaani isiwe kali, halafu mjue hata ukisema hivo itakuwa kali. Saladi yao ya papai bichi, som tam, inatwangwa kwenye kinu mbele yako na pilipili zinaingia nzima nzima, wifi alisema pilipili moja, yule dada akacheka akatia tatu.

Jioni ya nne soko la usiku nikaona samaki kwenye jiko la mkaa, mweupeee kama amepakwa chokaa, ni chumvi, amefunikwa chumvi nzito mwili mzima na mdomoni amechomekwa mchaichai umetokeza kama sigara. Nikasogea. Nikaangalia mkia, mistari ile ya kusimama. Nikamwambia wifi huyu sato. Akasema wewe umemisi nyumbani, huku ni baharini sato atoke wapi. Nikamwambia nimepara sato miaka kumi na nne mimi, huyu ni sato! Tukamuuliza muuzaji kwa simu ya kutafsiri, akasema "pla nin", nikaja kusoma kumbe ndo huyohuyo sato wa Mto Nile. Mwaka 1965 mwana mfalme Akihito wa Japani alimpelekea mfalme Bhumibol samaki 50, wakafugwa kwenye bwawa la ikulu, wakazaana, wakagawiwa wananchi, leo wanafugwa nchi nzima. Tusijidai sana lakini, maana hata kwenye ziwa letu sato aliletwa, miaka ya 1950, mwenyeji haswa ni ngege.

Jinsi wanavyomfanya: tumbo linatolewa lakini magamba hayaparwi, hapo ndo ujanja ulipo. Tumboni mchaichai uliopondwa na majani ya ndimu, nje chumvi ya mawe iliyoshikwa na unga kidogo, moto wa taratibu, anageuzwa geuzwa mpaka chumvi inakuwa gamba gumu. Ukimla unachana mgongoni kwa kisu, ngozi inatoka nzima na magamba yake na chumvi yake kama koti, ndani nyama nyeupe ina maji yake yote, na haina chumvi kupita kiasi hata kidogo. Unachovya kwenye mchuzi wa ndimu, kitunguu saumu, pilipili na giligilani. Nilikaa kimya. Wifi akaniuliza unaumwa? Nikamwambia nawaza jiko langu.

Kama una nafasi pita Hua Thanon, kijiji cha wavuvi, wengi Waislamu, chakula halali hakina mashaka pale. Ngisi wameanikwa kwenye vichanja juani, harufu ni soko letu la samaki la Mwaloni tupu. Usafiri ni pikapu zenye mabenchi mawili mnaangaliana, wa zamani mtakumbuka zile daladala za chai maharage, mchana bei ya kawaida, usiku wanakutajia bei ya kukodi gari zima. Pikipiki za kukodi zipo lakini wakitaka pasipoti yako kama dhamana ondoka.

Tarehe 15 mwezi ulikuwa mpevu, ikawa sikukuu yao ya Loi Krathong. Unatengenezewa kachombo ka kipande cha mgomba, majani ya ndizi yamekunjwa kwa pini, maua, mshumaa na vijiti vya udi, unawasha unakaachia majini. Mama mwenye nyumba yule wa ndoo alitufundisha kukunja majani, vidole vyake vinaenda haraka kuliko macho yangu, akatuambia kwa Kiingereza chake na mimi changu kwamba unamuomba msamaha mama wa maji kwa kumtumia na kumchafua mwaka mzima. Nilikaa na hilo. Sisi ziwa tunaliomba samaki tu, msamaha sikumbuki kama tumewahi kuomba. Kangu kalienda vizuri, ka wifi kalipinduka hapohapo, akasema ni upepo.

Nimerudi wiki ya kwanza tu nikajaribu sato wa chumvi hapa Kirumba. Mchaichai upo, ndimu ipo, sato sio wa kuuliza. Wa kwanza aliungua, wa pili nilisahau unga chumvi ikamwagika yote kwenye mkaa, wa tatu akatoka vilevile, koti likavuka zima, nikampelekea mteja wangu wa siku zote, mvuvi mzee wa Igombe, nikasimama pembeni nisikie atasemaje. Akamgeuza, akagonga ile chumvi kwa kucha, akaniangalia.

"Mama, magamba hujapara. Na hii chumvi yote, umeipima kwenye bei?"