Tahadhari: Trei za oveni za "stenlesi 304" zinazouzwa kwa ushahidi wa sumaku

Wapendwa wapishi na waokaji, kuna wauzaji wa mtandaoni wanaouza trei za kuokea na kubanikia nyama kwa jina la stenlesi 304, yaani gredi ya stenlesi isiyoshika kutu kirahisi, na ushahidi wao mkubwa ni sumaku. Wanatuma video fupi: mkono unaweka sumaku kwenye trei inayong'aa, sumaku inateleza na kudondoka, halafu sauti inasema, "Mmeona wenyewe, haishiki, hii ni orijino." Nilinunua kwa mmoja wao. Naandika haya kabla wengine hamjatuma hela zenu.

Jaribio lenyewe si la uongo. Uongo uko kwenye maana wanayoipa. Ni kweli kwamba 304 kwa kawaida haivutwi na sumaku, kwa sababu ya nikeli iliyomo, kama asilimia 8; kromi nayo ni asilimia 18 hivi. Ndiyo hiyo 18/8 mnayoiona imegongwa chini ya vyombo. Lakini ipo pia stenlesi ya 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imepunguzwa na manganizi kuwekwa badala yake, maana nikeli ni ghali. Hiyo 201 nayo haishiki sumaku. Alumini nayo haishiki. Kwa hiyo video ile inaonyesha tu kwamba trei si chuma cha kawaida, basi.

Tena sumaku inaweza kukupotosha hata upande wa pili. Trei nzuri kabisa ya 304 inaweza kuvuta sumaku kidogo kwenye kona, kwa kuwa bati likivutwa na mashine ili kupata kina, muundo wake wa ndani hubadilika pale lilipovutwa zaidi. Na vyombo vya tabaka tatu, vyenye alumini katikati, mara nyingi huwekewa makusudi tabaka la nje linaloshika sumaku ili vifanye kazi kwenye jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku. Unaweza kukataa chombo kizuri ukaondoka na kibovu.

Sasa niwaambie kilichonifikia. Kwenye picha trei ilikuwa na mishikio minene na ukingo imara. Iliyokuja, mishikio imechomelewa kwa vinukta viwili vidogo, na ukingo umekunjwa kwa nje bila kubanwa, kiasi kwamba ukipitisha ukucha chini ya mkunjo unaingia. Oveni ilipofika nyuzi 220 trei ikatoa mlio mkali, kona moja ikanyanyuka, na mafuta ya nyama yote yakakimbilia upande mmoja yakaungulia huko. Stenlesi hupitisha joto polepole sana, zaidi ya mara 10 chini ya alumini, kwa hiyo bati jembamba hupata moto sehemu moja kabla ya nyingine na lazima lipinde.

Kilichoniuma zaidi ni kutu. Ulianza mstari wa kahawia ndani ya ule mkunjo, kwa sababu maji ya kuoshea yanaingia humo na hayatoki. Kisha vikatokea vidoa vidogo chini, pale palipokaa chumvi na ndimu. Stenlesi ya 201 huhimili chumvi na asidi kidogo kuliko 304, na trei ya kubanikia nyama kazi yake yote ni chumvi, asidi na moto. Muuzaji kwanza alisema maji yangu ni mabaya. Baadaye akasema nimesugua kwa nguvu. Mwisho akanitumia video ileile ya sumaku. Nilipomuuliza unene wa bati, akanifungia nisimwandikie tena.

Swali hilo la unene ndilo muhimu, na kuna njia ya kulihakiki bila kifaa chochote zaidi ya mizani ya jikoni. Sentimita moja ya ujazo ya stenlesi ina uzito wa gramu 8 hivi. Chukua trei ya sentimita 40 kwa 30 yenye kina cha 5. Ikiwa bati lake lina milimita 1, trei itakuwa na karibu kilo moja na nusu, bila kuhesabu mishikio. Ikiwa ni milimita 0.4, itakuwa na gramu 600 tu. Kwa hiyo muombe muuzaji apime trei mezani, namba ya mizani ionekane kwenye picha, pamoja na vipimo vya ndani chini kwenye kitako, si kutoka ncha ya mshikio hadi ncha ya mshikio kama wengi wanavyofanya. Mimi kwa kubanika nyama sishuki chini ya milimita 0.8.

Namba 304 iliyogongwa chini haitoshi peke yake, kwa kuwa yeyote mwenye mashine anaweza kuigonga. "Chuma cha hospitali", jina jingine la kuuzia, si gredi ya kitu. Kama una shaka, wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu huwa na mashine ya mkononi inayosoma madini yaliyomo kwa sekunde chache, na hapo ubishi unakwisha.

Tusiwaonee wauzaji waaminifu pia. Rangi za upinde wa mvua baada ya moto mkali ni za kawaida na siki huziondoa. Madoa meupe ni chokaa ya maji. Weusi unaotoka ukipangusa trei mpya kwa kitambaa chenye mafuta ni mabaki ya dawa ya kung'arishia kiwandani, osha vizuri kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupikia. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni utapeli.

Na wale ambao tayari mnazo trei hizi: pigeni picha ukingo, mishikio na mizani kabla ya kuzitia moto, kwa sababu baada ya hapo muuzaji atasema mmeziharibu wenyewe. Kama ni kutu ya juu tu, isugue kwa magadi ya kuokea, ikaushe kabisa, na itumie kwa mkate au biskuti juu ya karatasi ya kuokea. Lakini kama mng'ao wenyewe unabanduka vipande vipande na chini yake kuna chuma cheusi, hiyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromi. Usipikie tena humo, vipande hivyo vinaishia kwenye chakula.